Maswali na Majibu ya Gereji: Turbo Chini ya Sakafu

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: turbo ya nyuma, yaani ile isiyofungwa kwenye manifoldi ya ekzosi bali chini ya sakafu ya gari, pale palipokuwa na sailensa. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: turbini inazungushwa na gesi ya ekzosi, na kompresa inasukuma hewa zaidi ndani ya injini. Tunaanza na iliyouliza mengi kuliko zote.

SWALI: Mafundi, salaam. Nina Prado 120 ya petroli, injini 1GR-FE, gia otomatiki. Navuta tela la vifaa vya kambi kati ya Arusha na Karatu, na ule mlima unaopanda kutoka Mto wa Mbu gari linashuka gia na kulia muda wote. Chini ya boneti hakuna nafasi ya turbo, ndiyo maana nimevutiwa na hii ya nyuma. Itafaa? Ninunue nini, na kitu gani huharibika?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Itafaa, ila ujue mapema fedha zako ziende wapi. Wengi humaliza bajeti kwenye turbo na mabomba yanayong'aa, kisha njia ya kurudisha oili inafungwa kwa masalia yaliyobaki gereji. Turbo ya nyuma hufa kwa oili isiyorudi, na injini hufa kwa petroli isiyotosha. Kama hayo mawili huyamudu kwa sasa, subiri hadi uyamudu.

Tuanze na unachokosa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni kama bar 0.86, wakati Dar es Salaam ni 1.01. Injini yako ya cc 3,956 inakosa asilimia 15 ya hewa kabla hujatia gia. Ukifika ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300, inabaki bar 0.77. Ukiongeza bar 0.4 hapo Arusha unapata bar 1.26 ndani ya manifoldi ya hewa, na ukiondoa hasara ya joto ni karibu asilimia 40 ya hewa zaidi ya unayopata leo. Nguvu haipandi kwa kiasi hicho hicho, maana taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) itarudishwa nyuma na turbini inaibana ekzosi. Tarajia robo, au asilimia 30 mambo yakienda vizuri. Usivuke bar 0.45: mgandamizo wa injini hii ni 10 kwa 1, na pistoni zake hazikutengenezwa kwa ajili ya turbo.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni ya silinda zote 6. Usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu, kwa sababu mwinuko wenyewe unazishusha. Angalia tofauti: kati ya silinda yenye nyingi na yenye kidogo isizidi bar 1. Pima pia kama gesi inaingia kwenye maji ya rejeta. Injini yenye gasketi inayoanza kuchoka itamalizwa na turbo wiki ya kwanza.

Sasa turbo. Gesi inayotoka kwenye manifoldi ikiwa na nyuzi 800 inaweza kufika chini ya sakafu ikiwa na 550. Gesi ikipoa husinyaa, hapo inabaki kama robo tatu ya ujazo wake, kwa hiyo nyumba ya turbini iwe ndogo kuliko ambayo ungechagua kwa turbo ya mbele. Katika familia ya GT30, kwa mfano, chukua A/R (kipimo cha upana wa njia ya gesi kwenye nyumba ya turbini) 0.63, uiache 0.82. Bomba la ekzosi kutoka manifoldi hadi kwenye turbo livishwe kitambaa cha kuzuia joto urefu wake wote. Watu hulaumu urefu wa bomba la hewa pale turbo inapochelewa kuitika. Hesabu inakataa: mita 3 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 60 hubeba lita 8.5. Kulijaza hadi bar 0.4 kunahitaji lita 3.4 za ziada, na injini yako kwa mizunguko 2,000 kwa dakika inameza lita 56 kila sekunde. Kinachochelewesha ni gesi iliyopoa na turbini iliyo kubwa kupita kiasi.

Njia ya oili ndiyo tunayotaka uisome mara mbili. Turbo iliyo kando ya injini hushusha oili yake kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wa oili tu. Iliyo chini ya sakafu iko sawa na sampu au chini yake, haina pa kushushia. Kwa hiyo oili inakwenda hivi: toa njia kwenye tundu la swichi ya presha ya oili kwa kiungo cha T, pitisha hosi ya kusukwa yenye tundu la milimita 6 kando ya chesi, upande usio na ekzosi. Karibu na turbo weka valvu ya njia moja, halafu kiziba chenye tundu dogo cha kupunguza mtiririko. Ukubwa wa tundu hilo ufuate maelekezo ya mtengenezaji wa turbo. Zenye beringi za gololi hutumia milimita 1 hivi. Chini ya turbo, hosi pana ya milimita 16 ishuke wima hadi kwenye kitanki cha nusu lita, kisha pampu ya umeme ya oili, ile ya meno, iirudishe oili injini kupitia kifuniko cha valvu. Isirudi chini ya usawa wa oili kwenye sampu. Kati ya kitanki na pampu weka chujio la wavu, kwa sababu kipande kimoja cha gasketi kinatosha kuisimamisha.

Pampu usiinunue kwa kuangalia maandishi ya boksi. Injini ikiwa ya moto, chomoa hosi inayotoka kwenye turbo, ielekeze kwenye chupa ya lita 2 yenye alama, acha injini iende mizunguko 2,500 kwa sekunde 30. Zidisha kwa 2 upate kiasi cha dakika. Pampu iweze kuvuta angalau maradufu ya hapo, na uijaribu pia asubuhi ya baridi, maana oili nzito ya asubuhi ndiyo inayoitesa. Iwe na relei yake, fyuzi ya ampea 15, na taima ya kuiendesha sekunde 60 baada ya kuzima gari. Kwenye hosi ya kurudi weka swichi ya presha inayowasha taa nyekundu kwenye dashibodi. Pampu ikisimama huwezi kuisikia ukiwa ndani ya gari. Bila taa utajua kwa moshi, na moshi ukionekana umeshachelewa.

Kwenye ekzosi, kila kiungo kilicho kabla ya turbo kiwe hakivuji kabisa, kwani gesi inayotoroka hapo ni presha inayopotea. Weka kipande cha bomba la mikunjo mbele ya turbo kwa sababu injini hutikisika na chesi haitikisiki nayo. Turbo yenyewe ining'inizwe kwenye chesi kwa mabano yake, isibebwe na bomba. Gonga katalisti (kisafisha moshi wa ekzosi) kwa nyundo ya mpira: ikilia kama mawe ndani ya kopo, kauri imevunjika, na vipande vyake vitaingia moja kwa moja kwenye mabawa ya turbini. Baada ya turbo tumia bomba la inchi 3 na sailensa ndogo.

Kuhusu kuvuta hewa, usifuate picha za Marekani zenye filta iliyoning'inia chini nyuma. Kule wanapita lami. Hapa filta hiyo itakula vumbi la gari zima, na ukivuka korongo lenye maji injini itavuta maji badala ya hewa. Rudisha bomba la inchi 3 hadi kwenye boksi la filta la mbele, au lipandishe juu ndani ya bodi. Viungo vyote upande huo vinanyonya, kwa hiyo klipu moja iliyolegea inaingiza vumbi lisilochujwa hadi kwenye silinda. Bomba linalorudi na hewa iliyosukumwa lipite kwenye interkula, yaani kipoza hewa. Hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 85 hivi, na bomba peke yake, ukipanda mlima kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, haliipoozi vya kutosha.

Na nyasi. Ukipita mbugani wakati wa kiangazi, nyasi kavu hujisokota kwenye propela na juu ya ekzosi, na nyumba ya turbini ni ya moto kuliko sailensa iliyokuwa hapo. Weka ngao ya bati kati ya turbo na tangi la mafuta, nyingine kati yake na mabomba ya breki, na kila ukitoka kwenye nyasi ndefu simama ukaguze chini kwa fimbo. Magari yanaungua kwa uzembe huu hata bila turbo.

Petroli: kwa mizunguko 5,000 na bar 0.4 usawa wa bahari, injini hii inameza kama kilo 12.8 za hewa kwa dakika. Kwa uwiano salama wa hewa kwa petroli wa 11.8 kwa 1 inahitaji kilo 1.08 za petroli, takriban cc 1,450 kwa dakika. Gawa kwa silinda 6 upate cc 242, na kwa kuwa nozeli isifunguke zaidi ya asilimia 80 ya muda, unahitaji nozeli za cc 300 kwa uchache. Chukua za cc 400 hadi 440 ubaki na akiba. Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha kwa mbali. Sensa ya hewa ikifika volti 5 haina tena la kuiambia kompyuta, na hapo petroli haiongezeki huku hewa ikiongezeka. Ndiyo maana kompyuta ya ziada si anasa. Fundi wa kompyuta arudishe taimingi nyuma kama digrii 6 kwenye bar 0.4, aanzie hapo na kusikiliza kama injini inagonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Plagi ziwe za hatua moja baridi zaidi, nafasi milimita 0.7 hadi 0.8. Hosi ya hewa ya kranki-kesi (chumba cha chini cha injini) na ile ya mvuke wa tangi ziwekewe valvu za njia moja, la sivyo presha ya turbo itasukuma oili nje kupitia sili.

Westigeti, yaani mlango unaopitisha gesi kando ili presha isizidi, iwe na springi ya bar 0.35, na kihosi chake kitoke kwenye tundu la kompresa palepale, kifupi. Ukikitoa mbele kwenye injini, mita 3 za kihosi zitakatika siku moja na presha itapanda bila kizuizi. Kumbuka pia turbo ya Arusha inafanya kazi kubwa kuliko ya Dar kwa geji ileile: kufikisha bar 0.4 inabidi igandamize hewa mara 1.47, wakati Dar ni mara 1.40. Gari lililopangwa pwani likapandishwa juu linazungusha turbo kwa kasi zaidi.

Siku ya kuwasha: ziba mdomo wa turbo, jaza hewa bar 0.5, paka povu la sabuni kila kiungo. Chomoa fyuzi ya petroli, zungusha starta hadi uone oili ikifika kwenye kitanki na pampu ikiirudisha. Ndipo uwashe. Safari ya kwanza iwe na geji ya uwiano wa petroli na hewa, na mtu wa pili wa kuisoma.

SWALI: Nina Land Cruiser 100 ya petroli, V8. Ilifungwa turbo ya nyuma mwaka jana. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu dakika mbili kisha unaisha, halafu unarudi nikikaa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Barabarani hakuna moshi. Fundi anasema turbo imekufa, ninunue nyingine.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Usinunue bado. Turbo iliyokufa haichagui saa ya kutoa moshi; ukiikanyaga barabarani ndipo ingetoa mwingi. Wako ni moshi wa oili iliyojaa mahali isipotakiwa, na una sababu mbili tofauti.

Wa asubuhi unatoka kwenye hosi ya kupeleka oili. Ukizima gari, oili iliyo kwenye hosi hiyo, na wakati mwingine hata ya ndani ya injini, hushuka polepole usiku kucha hadi kwenye turbo. Pampu imezimwa, kwa hiyo kitanki kinajaa, kisha kiini cha turbo kinajaa, na oili inapita pembeni mwa sili hadi kwenye turbini. Valvu ya njia moja haipo, au ipo na imekwama wazi kwa uchafu. Jaribio halina gharama: jioni, baada ya taima kuzima pampu, fungua hosi hiyo upande wa turbo na uiweke kwenye chupa safi hadi asubuhi. Ukikuta oili kwenye chupa zaidi ya matone machache, valvu ndiyo mwizi.

Wa kwenye foleni ni pampu isiyomudu, au njia ya kurudi iliyobanwa. Injini ikisimama muda mrefu joto chini ya gari linapanda, oili inakuwa nyepesi, inapita kwa wingi kwenye kiziba chenye tundu kubwa kupita kiasi, na volti za alteneta ziko chini. Pima umeme kwenye waya za pampu yenyewe huku taa na feni zikiwaka. Ukikuta chini ya volti 12.5, angalia kwanza waya na ethi. Kisha fungua chujio la wavu. Halafu angalia hosi inayoshuka kutoka kwenye turbo: ina kona? Imelala? Oili inayotoka kwenye turbo ina povu, haiendi kwenye hosi iliyolala. Kiini cha turbo kisizungushwe zaidi ya digrii 35 kutoka wima.

Vyote vikiwa sawa, fungua ekzosi na ushike ncha ya shafti ya turbini. Mchezo mdogo wa pembeni ni kawaida kwa beringi za kawaida. Mchezo wa mbele na nyuma unaousikia kwa vidole, au mabawa yaliyokwaruza nyumba, hapo fundi wako yuko sahihi.

SWALI: Land Cruiser yangu ni dizeli, 1HZ. Nifunge turbo ya nyuma au ya mbele?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Ya mbele. 1HZ ina silinda 6 kwa mstari na upande wa ekzosi una nafasi, na manifoldi za turbo za injini hii zinapatikana. Faida ya turbo ya nyuma ni nafasi, na wewe nafasi unayo. Dizeli pia hutoa ekzosi yenye joto dogo kuliko petroli inapoenda mwendo wa kawaida; ukiipoza zaidi kwa mita 3 za bomba, turbo haitaamka kwenye mizunguko ya chini unakoihitaji.

Kumbuka tu kwamba 1HZ haikuzaliwa na turbo. Mafuta yanaungulia kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na huko ndiko nyufa zinakoanza joto likizidi. Bar 0.5 inatosha. Weka geji ya joto la ekzosi, sensa yake ikiwa kwenye manifoldi kabla ya turbo, na kwenye mlima mrefu usikae juu ya nyuzi 650. Aliyekwisha kufunga turbo ya nyuma na sensa akaiweka karibu na turbo anasoma gesi iliyokwisha kupoa: geji inamwambia 450 huku hedi ikiwa inateseka. Usiongeze dizeli kwenye pampu kabla ya geji hiyo kufungwa.

SWALI: Kampuni ya bima inahitaji kujua?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Ndiyo, kwa maandishi, kabla ya gari kurudi barabarani, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Gari likiungua na mkaguzi akakuta turbo isiyotajwa kwenye mkataba, umewapa sababu ya kukataa dai.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina Tahoe ya 2004, V8 ya lita 5.3, ninaendea mchangani wikendi. Turbo ya nyuma imefungwa kwa bar 0.5. Mjini ni nzuri mno, ila kwenye matuta inapoteza nguvu baada ya dakika kumi na gia inateleza kutoka ya tatu kwenda ya nne.
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Turbo yako huenda haina tatizo. Mchangani injini inafanya kazi kubwa huku gari likienda pole, hewa haipiti chini ya gari, na joto la nje ni nyuzi 40 na ushee. Hewa inayofika kwenye injini inakuwa ya moto, injini inaanza kugonga, kompyuta inarudisha taimingi nyuma, nguvu inashuka. Hama kutoka petroli ya 91 kwenda 95 au zaidi, weka interkula mbele yenye feni yake, na kwa safari za mchangani shusha presha hadi bar 0.35.

Usilipuuze jambo la kugonga. Ringi za injini hii ya 5.3 zimeachiwa nafasi ndogo kwenye ncha zake; joto likizidi ncha zinagusana, na ringi isiyo na pa kupanukia huvunja ukingo wa pistoni. Bloku yake ya chuma ni imara, pistoni ndizo dhaifu.

Giaboksi ya 4L60-E inajulikana kwa kuchoma klachi za gia ya tatu na ya nne. Kwenye matuta usiiache iende ya nne kabisa, ifunge kwenye ya pili au ya tatu. Ongeza kipoza oili ya gia chenye feni, na geji ya joto lake: ikikaribia nyuzi 110, simama, weka nyutro, acha injini iende hadi ishuke. Oili ikishatoka na harufu ya kuungua, ibadilishe pamoja na filta na uangalie sinia: masizi laini meusi kidogo yanavumilika, vipande vya klachi ni kufungua giaboksi.

Na ukiwa huko chini, tazama turbo inakaa wapi ukilinganisha na reli ya chesi. Ikiwa imechomoza chini yake, siku gari litakapokaa juu ya ncha ya tuta uzito wote utaangukia kwenye hosi ya kurudisha oili. Pandisha turbo, au weka bamba la chuma la milimita 4 chini yake, lenye matundu ya kutoa mchanga na joto.